IST ya kwenda nayo kazini, nifunge kemshafti ipi? (1NZ-FE, gia otomatiki)

Kimara61

Wakuu habari za jioni. Nina IST ya 2004, NCP61, injini 1NZ-FE ya sisi 1,500, gia otomatiki. Naitoa Kimara kwenda Posta kila siku ya kazi, na mwisho wa mwezi inakwenda Morogoro kwa wazee. Injini nzima, haili oili, haichemshi. Shida ni nguvu. Ukitaka kupita lori la mafuta baada ya Mlandizi, unasoma dua kwanza ndiyo unakanyaga.

Kuna jamaa ananiuzia kemshafti mbili za 272, ziko kwenye boksi lake, hazijawahi kufungwa. Anasema ni kutoa za zamani, kuweka hizi, na gari inakuwa Vitz RS. Nimesikiliza video za mlio wake kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyagwa), ule wa kusitasita, roho ikahama kabisa.

Je, nichukue 272 au kuna namba inayofaa zaidi kwa gari ya kila siku? Na springi za valvu nazo zinabadilishwa? Msinitukane tafadhali, najua ni IST.

Bwana_Altezza

Uza hiyo, ongeza hela, njoo huku kwenye 3S, injini ya Altezza. Mada imefungwa.

Fundi Lezi

Mkuu Kimara, usiuze kitu na wala usimtumie jamaa hela bado. Nafanya kazi za hedi (kichwa cha injini), kusaga valvu, kupima kemshafti, kurekebisha tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu), na 1NZ ndiyo injini inayopita mezani kwangu kuliko zote kwa sababu nusu ya jiji inatembelea hiyo: IST, Raum, Vitz, Probox, Runx, Fielder, Premio za 1.5. Ngoja niandike kirefu, maana maswali ya inbox yanafanana.

Kemshafti ni shafti yenye nundu zinazofungua valvu, na hiyo 272 ni digrii za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ambazo valvu inakaa wazi. Kemshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo duara zima la kazi ya silinda moja ni digrii 720. Ukitoka kemshafti ya kiwandani kwenda 272, unachofanya hasa ni kuifanya valvu ya kuingiza ifunguke mapema zaidi na ifunge kwa kuchelewa zaidi. Kwenye kuchelewa kufunga ndiko nguvu inakozaliwa, na ndiko gari ya foleni inakofia.

Pistoni ikifika chini na kuanza kurudi juu, valvu ya kuingiza bado iko wazi. Raundi zikiwa 6,000, hewa kwenye manifodi (mabomba ya kuingizia hewa) ina kasi kubwa, inaendelea kujisukumia ndani hata kama pistoni inapanda, kama abiria wa mwendokasi pale Kimara Mwisho asubuhi: mlango unafunga na watu bado wanaingia. Raundi zikiwa 1,800 hewa haina kasi hiyo. Pistoni inapanda, inairudisha ile ile iliyoingia. Umevuta hewa, umeitema, halafu unakandamiza kilichobaki. Ndiyo maana gari yenye kemshafti kubwa ukiigusa resi kwenye taa za Magomeni inafikiria kwanza.

Ukitaka ushahidi wa jambo hili kutoka kwa Toyota wenyewe, angalia Prius ya 2003 mpaka 2009. Ina 1NZ-FXE. Kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 75, mwendo wa pistoni ule ule wa 84.7, sisi 1,497 zile zile. Lakini valvu ya kuingiza inafungwa kwa kuchelewa sana kwa makusudi, ili itumie mafuta kidogo. Matokeo yake inatoa hosipawa 77 hivi kwenye raundi 5,000 na Nm 115. Yako inatoa 109 kwenye 6,000 na Nm 141 kwenye raundi elfu nne na kidogo. Kumbuka FXE ina mgandamizo wa 13 kwa 1 na yako 10.5, na bado iko chini. Prius inaweza kuishi hivyo kwa sababu mota ya umeme inaibeba kwenye kuondoka. Wewe huna mota.

Sasa giaboksi. Otomatiki yako ina gia nne. Ya kwanza ina uwiano wa 2.85, ya pili 1.55, ya tatu 1 kwa 1, ya nne 0.70. Kanyaga mpaka chini, iache ibadili kwenye raundi 6,000 kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili: inaangukia 3,300 hivi. Kemshafti ya 272 kwenye injini ndogo namna hii inaanza kuvuta kwa maana kwenye 3,500. Umeona? Kila inapobadili unaanguka nje ya nyumba yake, unasubiri irudi. Na ukiwa unakwenda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya nne, uko kwenye raundi 2,500 hivi, ndiyo pale Mlandizi unapotaka kumpita mwenye lori. Kwa kemshafti hiyo utakuwa na nguvu ndogo kuliko uliyo nayo leo.

Jibu langu fupi ni kwamba 272 uiache. Ukitaka lazima uguse kemshafti, usivuke 256, na hata hiyo tuzungumze kwanza.

Kimara61

Shikamoo fundi. Hapo kwenye 3,300 umenimaliza. Lakini jamaa anasema ukifunga na springi ngumu unapandisha raundi mpaka 7,500, gari inabadili huko juu, kwa hiyo haianguki chini sana.

Fundi Lezi

Marahaba. Springi ngumu haziongezi raundi. Zinazuia valvu isielee, yaani isishindwe kuifuata nundu, ukizidisha raundi. Anayeamua gari ibadili wapi ni kontrolboksi (kompyuta ya gari), na hiyo imeandikwa Japani kwa kemshafti ya Japani. Itabadili pale pale ilipozoea, na mafuta itakata pale pale.

Tufanye hesabu kidogo. Nguvu ni torki (msukumo wa kuzungusha, ndizo zile Nm) mara raundi. Hosipawa 109 kwenye 6,000 maana yake torki imeshashuka mpaka Nm 127 hivi kutoka 141. Kemshafti nzuri haiongezi sana kile kilele cha 141. Inazuia kisishuke upesi. Tuseme ikubakizie Nm 135 kwenye raundi 6,500: hapo una hosipawa 125. Ni nyongeza ya kweli, siibezi. Lakini jiulize ni lini mara ya mwisho mshale wako ulifika 6,500 kati ya Kimara na Posta.

Nairobi_RS

Salamu kutoka Nairobi. Niko na Vitz RS, 1NZ hiyo hiyo, lakini manual. Nimefunga 264 pande zote mbili, heda ya 4-2-1 (mabomba ya ekzosi), na kiboksi cha kurekebisha mafuta. Fundi uko sawa kwa otomatiki, ila usiwatishe watu wote. Kwa manual ni kitu kizuri sana. Unaamua mwenyewe raundi ikae wapi. Yangu chini ya 2,500 imelegea, siwezi kataa, kwa jam ya Thika Road nashikilia gia ya kwanza mahali zamani ningeweka ya pili. Lakini kuanzia 4,000 ni gari nyingine kabisa, na sailensi niliipandisha hadi 900 hivi ikatulia.

Mafuta? Inakunywa zaidi mjini. Highway karibu sawa na zamani.

Fundi Lezi

Nairobi RS karibu sana, na nakubaliana nawe. Gari ya manual, mwenyewe anapenda kushika raundi, 264 inaishi nayo kila siku. Ninachokataa ni kumuuzia mtu wa otomatiki kemshafti ya mtu wa manual.

Mbeya Green

Naomba niongezee jambo la milimani ambalo watu wa Dar hawalioni. Huku tuko mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sasa weka kemshafti inayochelewa kufunga valvu, maana yake hata hiyo hewa kidogo uliyoipata unairudisha. Nilishuhudia Runx ya 1.5 iliyotoka Dar ikiwa inajisifu. Ilipofika kona za Kitonga dereva alikuwa gia ya kwanza analia. Nairobi nao wako juu kama sisi, nashangaa 264 inamridhisha mwenzetu.

Nairobi_RS

Inaniridhisha kwa sababu niliongeza mgandamizo kidogo wakati hedi iko chini, ilikatwa. Bila hiyo ingekuwa hadithi yako ya Kitonga.

Fundi Lezi

Hapo sasa! Hiyo ndiyo taarifa ambayo wauzaji hawaiandiki kwenye boksi. Mgandamizo wa 10.5 unaosomwa kwenye karatasi ni wa pistoni kutoka chini kabisa mpaka juu. Mgandamizo wa kweli unaanza pale valvu ya kuingiza inapofunga. Ukichelewesha kufunga, umeupunguza. Ukikata hedi, unarudisha kidogo. Lakini ukikata hedi ya 1NZ, valvu zinasogea karibu na pistoni, na kemshafti kubwa nayo inazisogeza. Mambo mawili yanakutana pabaya.

Tabata_Gia

Mimi nina swali la pembeni. Fundi mmoja mjini alinichongea kemshafti ya zamani kwenye mashine ya kusagia akaipa umbo jipya, bei ndogo kuliko ya kuagiza. Gari ikawa inapiga tak tak tak kama cherehani, na baada ya miezi michache nundu zikaanza kulika. Nilipomrudia akasema ni oili yangu. Tatizo ni nini hasa, kuchonga au fundi?

Fundi Lezi

Kuchonga chenyewe hakina dhambi. Duniani kuna karakana zinazochonga upya kemshafti na zinaheshimika. Tatizo ni hesabu za tapeti.

Huwezi kuongeza nyama kwenye kemshafti, unaweza kupunguza tu. Kwa hiyo anayechonga anapunguza ule upande wa mduara, ili nundu ionekane ndefu zaidi. Sasa 1NZ haina tapeti za oili na haina vile visahani vidogo vya kupanga. Ina vikombe vizima, kumi na sita, na unapanga nafasi kwa kubadili kikombe kizima. Toyota wanatengeneza unene wa kuanzia milimita 5.06 mpaka 5.74, kwa hatua za 0.02. Tuseme vikombe vyako ni 5.40 na fundi kakupunguzia mduara nusu milimita. Unahitaji kikombe cha 5.90. Hakipo. Hapo ndipo tak tak tak inapotoka. Kila mzunguko nundu inakuja na kukipiga kikombe badala ya kukikanyaga taratibu.

Na kulika ni kwa sababu ugumu wa nundu uko kwenye ngozi ya juu. Ukisaga ngozi bila kuirudishia ugumu, umebaki na chuma laini. Oili yako haina kosa, ingawa oili mbovu ingeharakisha msiba.

Ukimpelekea mtu kazi ya kuchonga, muulize mambo mawili kabla ya bei: mduara atapunguza kiasi gani, na atarudisha ugumu kwa njia gani. Akianza kukwambia amefanya kazi hiyo miaka mingi, chukua shafti yako uondoke.

Tabata_Gia

Asante. Alinijibu hivyo hivyo kabisa.

Sista Spana

Hamjambo kaka zangu. Nafanya mambo ya umeme wa magari na kontrolboksi, naomba niguse VVT-i (mfumo unaosogeza kemshafti ili kubadili muda wa valvu kufunguka) maana naona mnaongea kama injini hii ina kemshafti za kudumu mahali pamoja.

1NZ-FE ina VVT-i upande wa kuingiza tu. Kontrolboksi inaizungusha kemshafti hiyo mbele kwa makumi ya digrii za krenki kulingana na mzigo na raundi, na ndiyo sababu injini ndogo hii inavuta vizuri kwenye raundi za kati. Ukileta kemshafti pana, kontrolboksi haijui. Itaendelea kuisogeza mbele kwa ramani ya zamani. Matokeo, valvu ya kuingiza inafunguka mapema mno wakati ya kutoa haijafunga, moshi unarudi kwenye manifodi, kipima hewa kinasoma hewa inayokwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba yote imeingia, na mafuta yanamwagwa kwa hesabu hiyo. Gari inamisi, plagi nyeusi, taa ya injini inawaka.

Vile viboksi vya kudanganya kontrolboksi, Apexi SAFC na GReddy e-Manage ndivyo vinavyoonekana sana kwenye magari haya. SAFC inarekebisha ishara ya kipima hewa, basi. Haigusi VVT-i. Kwa hiyo unaweza kurekebisha mafuta yakawa safi na gari bado ikawa mbovu katikati, kwa sababu tatizo si mafuta bali mahali kemshafti ilipo. Mtu akikwambia "tutaweka SAFC itatulia", muulize VVT-i ataifanyaje.

Na kila mnachofanya, fungeni kipimo cha oksijeni cha wigo mpana kwenye ekzosi kabla ya kumpa mtu hela ya kurekebisha. Kile cha kiwandani kinajua tu kama uko juu au chini ya 14.7, yaani sehemu za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Ukikanyaga mpaka chini unataka kuona 12.5 hadi 13, na kile hakiwezi kukuonyesha.

Kimara61

Dada hapo kwenye VVT-i ndiyo mara ya kwanza nasikia. Jamaa wa 272 hakuitaja hata kidogo. Nimemuuliza sasa hivi kwa simu, ananiambia "toa tu waya wake".

Sista Spana

Ukitoa waya, kemshafti inabaki nyuma kabisa muda wote. Umeongeza kuchelewa juu ya kuchelewa. Mwambie akafunge kwenye gari yake kwanza.

Bwana_Altezza

😂😂 "Toa tu waya wake." Hii nchi ina wataalamu.

Dogo wa Piston

Wazee mimi niko chuo, nataka kuelewa. Kwenye katalogi naona kemshafti mbili zote zimeandikwa 264 lakini moja inasifiwa kuwa tulivu na nyingine ya mashindano. Inakuwaje?

Fundi Lezi

Swali zuri dogo. Inategemea walianza kuhesabu wapi. Kampuni moja inahesabu tangu valvu inapotikisika, nyingine tangu imenyanyuka milimita 1, Wamarekani wengi wanatumia inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kemshafti ambayo ni 264 tangu kutikisika inaweza kuwa mia mbili na kidogo tu ikipimwa kwenye 0.050. Na ile ambayo ni 264 kwenye milimita 1, hiyo ni ya uwanjani. Kwa hiyo namba bila kipimo chake usiinunue.

Kuna kitu kingine hawakiandiki kwa herufi kubwa, umbali kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na ya kutoa. Chukua 264 pande zote. Vilele vikiwa na umbali wa 110, valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja kwa digrii 44. Vikiwa 114, inashuka mpaka 36. Namba ile ile ya 264, ila ya pili inatulia kwenye sailensi na hidrovaki ya breki inapata upepo wa kutosha. Watu wanasahau breki. Manifodi isipovuta vizuri, pedali inakuwa ngumu, hasa unapobonyeza mara mbili tatu mfululizo kwenye foleni ya kuteremka. Mlio ule unaoupenda Kimara, wa kusitasita, ndio sauti ya injini isiyovuta vizuri.

Nairobi_RS

Yangu ni 112, kwa faida ya wasomaji. Na breki ni kweli, nilisikia tofauti kidogo.

Kimara61

Sawa, 272 nimeachana nayo, jamaa amenuna. Sasa fundi ulisema 256 "tuzungumze kwanza". Tuzungumze.

Fundi Lezi

Kabla ya 256, hakikisha una injini nzima ya 109. IST ya 2004 ina miaka zaidi ya ishirini. Nikikutana na gari inayolalamikiwa haina nguvu, nafanya hivi. Napima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa ya moto, resi imekanyagwa, na natafuta silinda iliyoachana na wenzake kwa zaidi ya baa 1. Natoa valvu ya oili ya VVT-i na kichujio chake kidogo. Kichujio hicho kina wavu mwembamba sana, oili ikicheleweshwa kubadilishwa unaziba kwa masizi, na VVT-i inachoka kusogea. Naangalia chaini ya taimingi imelegea kiasi gani, maana chaini iliyorefuka inachelewesha kemshafti zote mbili, na hapo tayari unaendesha na ugonjwa ule ule niliousema wa kuchelewa kufunga bila kununua kitu. Napima na nafasi za tapeti injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Za kuingiza 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Zile za kutoa zina tabia ya kubana kadiri valvu inavyozama kwenye kiti chake, na zikibana hazipigi kelele, kwa hiyo hakuna anayezishtukia. Mtu anafurahi injini yake iko kimya, kumbe valvu haifungi sawasawa.

Angalia na rimu. Una inchi ngapi?

Kimara61

17.

Fundi Lezi

Nilijua 🙂. Rudisha za 15 kwa wiki moja uone. Rimu kubwa nzito kwenye injini ya 1.5 inakunyang'anya kuondoka pale pale ambapo kemshafti ya 256 ingekupa. Na kama tairi lote limekuwa na kimo zaidi, umerefusha na gia zako.

Ukishamaliza yote hayo na bado unataka, 256 yenye vilele vya 112 kwenda juu, springi zako za kiwandani zibaki kama mtengenezaji wa kemshafti amesema zinafaa kwa kimo chake cha kunyanyua. Asiposema, usikisie. Utapata nini? Mjini utakaribia kuwa pale pale ulipo. Juu ya 4,500 gari itaendelea kuvuta pale ambapo sasa inachoka. Kwa mtu anayepita malori, ukiibana kwenye gia ya pili kwa kuzima ile swichi ya gia ya nne na kushusha mkono, utaisikia. Ila gharama ya kemshafti, vikombe, gasketi, kazi, na mtu wa kurekebisha mafuta inazidi faida kwa gari otomatiki. Ni hobi, na hobi haina ubaya mtu akijua ni hobi.

Kwa atakayefunga, mezani kwangu hatuondoki bila plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto). Unabandika kipande juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, unafungua na kupima pale ilipobonyea. Nataka milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Kosa la wengi ni hili: gia ya VVT-i ikiwa imejifunga yenyewe inakaa nyuma kabisa, na ukipima hivyo unapata nafasi kubwa, unafurahi. Valvu inaisogelea pistoni pale VVT-i inapokwenda mbele, barabarani, ukiwa umekanyaga. Kwa hiyo gia ya VVT-i ifunguliwe kwa upepo wa kompresa, isogezwe mbele mpaka mwisho, izuiwe hapo, ndiyo upime. Injini hii chaini ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, hakuna msamaha.

Na siku ya kuwasha, nundu zote zipakwe grisi yake ya kemshafti, iwashwe na kupelekwa 2,000 moja kwa moja, ishikwe hapo dakika 20 ikipandishwa na kushushwa kidogo. Isiachwe kwenye sailensi watu wakipiga picha.

Mbeya Green

Mimi nadhani kama ni hela hiyo yote, bora turbo ndogo. TRD waliuza Vitz RS ya 1NZ yenye turbo, hosipawa 150. Kwa sisi wa milimani turbo ndiyo dawa, kemshafti inabaki ya kiwandani.

Fundi Lezi

Kwa Mbeya nakuunga mkono, ila turbo kwenye giaboksi ya IST yenye umri huu ni uzi mwingine. Ufungue tutakuja.

Dogo wa Piston

Na wale wa Honda wanafanyaje, VTEC inatulia sailensi na juu inapiga kelele?

Fundi Lezi

Wana kemshafti mbili ndani ya moja. Kila silinda ina nundu za kawaida na nundu ya mbio, na oili inasukuma pini inayoamua ipi ifanye kazi. Honda waliiuza kwenye Integra mwaka 1989, B16A, hosipawa 160 kwa sisi 1,600 bila turbo. Toyota nao wana ya kwao, 2ZZ-GE, iko kwenye Runx Z Aerotourer: 190 kwenye raundi 7,600, na nundu kubwa inaingia karibu na 6,000. Mwenye roho ya 272 na mwili wa foleni, gari yake ni hiyo. Ila tafuta ya manual, na isiwe imelishwa oili ya bei rahisi.

Kimara61

Mrejesho wakuu. Rimu za 15 nimeazima kwa jirani, tofauti ipo na si ndogo. Kichujio cha VVT-i kilikuwa na uchafu, si wa kutisha. Mgandamizo silinda zote zimekaa pamoja. Tapeti za kutoa mbili zimebana, ya silinda ya tatu inasoma 0.18. Fundi, hiyo inasubiri au nifungue sasa?

Fundi Lezi

Usisubirishe. 0.18 baridi maana yake ikipata moto inakaribia kutofunga kabisa, na valvu ya kutoa isiyofunga inaungua pembeni. Soma namba iliyochapwa chini ya kikombe, ongeza nafasi uliyoipima, toa nafasi unayoitaka. Kama kikombe ni 5.48 na unataka ufike 0.30, toa 0.12, agiza 5.36. Kemshafti ya kutoa itanyanyuliwa, kwa hiyo chaini ifungwe kwa waya isidondoke, na alama zipigwe rangi kabla ya kulegeza chochote.

Ubungo_Raum

Samahani kuingilia, Raum ya 2005 yenye 1NZ vikombe vyake ni hivi hivi?

Fundi Lezi

Hivi hivi. Hata Scion xA na xB za Marekani za 2004 mpaka 2006, ambazo ni IST na bB kwa majina mengine. Ukiagiza kemshafti au vikombe huko, tafuta kwa majina hayo utapata vingi zaidi. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya spea na uliyonayo mkononi.